Bei ya Huruma

Mwanamke anayedarizi mashuka akiulizwa bei, aghalabu huanza kwa kujitetea. "Ni elfu themanini, lakini tutaongea." Mteja hajafungua mdomo, tayari kapunguziwa. Msomaji wangu mmoja, mama mwenye ajira ya serikali, amekwenda mbele zaidi. Ananiuliza kama kuna ubaya kuuza shuka na foronya zake kwa bei ya kurudisha hela ya uzi tu, maana yeye hudarizi jioni ili kupumzisha akili na faida hana haja nayo.

Ubaya upo, mama, ila anayeumia si wewe.

Tupige hesabu kwanza. Chukua shuka la sita kwa sita na foronya zake, maua yamezunguka pindo lote na kila mto umeandikwa "Lala unono". Tuseme kitambaa na nyuzi vimekula shilingi 45,000, na kazi imechukua saa tatu kila jioni kwa wiki nne. Hizo ni saa 84. Ukiuza 80,000, mkononi inabaki 35,000, yaani shilingi 416 na ushee kwa saa. Hata nauli ya daladala haitoshi. Na hapo hatujagusa pasi, sindano zilizokatika, wala macho.

Wewe unaweza kuishi na hesabu hiyo kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Mtaa wa pili yuko mjane ambaye sindano ndiyo inayomlipia kodi ya chumba. Akitaja 150,000, mteja anamjibu, "Mbona yule mama wa kule kaniuzia themanini, na kazi ni ile ile?" Aseme nini? Akishusha, atakuwa amekesha mwezi mzima bure. Akikataa, shuka litalala kabatini na mwenye nyumba atabisha hodi. Huruma yako imemfikia mteja, tena mara nyingi ni mtu mwenye uwezo, mwenye harusi ya ukumbi na keki ya ghorofa. Aliyeigharimia ni mjane, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo taja bei ya kazi. Ulizia fundi cherehani wa mtaani kwako anaingiza kiasi gani kwa siku, uanzie hapo, kisha uongeze vifaa. Fedha ikiingia na ikakuzidi, utajua pa kuipeleka. Ada ya mtoto wa huyo mjane ni mahali pazuri pa kuanzia.

Wasomaji Waislamu watanikumbusha kwamba Mtume, bei zilipopanda Madina akaombwa azipange, alikataa. Ni kweli. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa chini ya kikavu. Bei aliwaachia watu wapatane. Ujanja hakumwachia mtu.

Katika kazi yetu, chini ya rundo ni upande wa nyuma wa kitambaa. Mnunuzi mjuzi hugeuza foronya kabla ya kuulizia bei, kwa sababu huko ndiko kunakoonekana mafundo, nyuzi zilizorushwa kutoka ua hadi ua bila kukatwa, na mishono iliyoachiwa ikafumuka. Mgeuzie mwenyewe kabla hajaomba. Uzi kama unachuja rangi, mwambie, au bora zaidi, ufue kipande cha majaribio kabla hujaanza kudarizi. Na kazi ya cherehani iitwe ya cherehani. Haina aibu, ina bei yake na wateja wake. Aibu ni kununua shuka la kiwandani Kariakoo, kulidungia maua mawili pembeni, kisha kulitoza bei ya mkono.

Kumpandishia mgeni bei kwa sababu ya rangi yake, kama inavyotokea Mji Mkongwe, ni dhuluma. Hilo halihitaji maelezo.

Wanunuzi nao wana lao. Mwanamume wa pwani hulipa kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono bila kugomba sana, maana anajua ni kazi ya miezi. Mkono ule ule ukidarizi foronya, anauliza, "Kitambaa cha mto tu?" Nadhani ni kwa sababu kofia huvaliwa msikitini watu wakaiona, na mto hauonekani na mtu. Kupatana bei ni ada yetu na sina ugomvi nayo. Lakini ukijua mwenzio anauza kwa sababu mtoto yuko hospitali, ukaitumia shida yake kumkaba hadi nusu, usiende kujisifu kwamba umepata kwa bei nzuri.

Kazi ya oda ichukuliwe na arubuni, walau ya kutosha vifaa vyote. Foronya zenye majina ya maharusi, harusi ikivunjika, hakuna mwingine wa kuzinunua.

Ndugu ni mtihani mwingine. Binamu anaolewa na anataka seti nzima "kwa bei ya kindugu". Ukimpenda na uwezo unao, mpe bure, watu wajue ni zawadi. Huna uwezo, mtajie bei ya wote kwa upole. Nusu bei ndiyo inayoleta maneno: wewe unanuna kimoyomoyo kila unapotunga uzi, yeye anajiona kalipa, na baada ya mwezi mawifi zake wanakuja wakiitaka hiyo hiyo.

Kama kuna binti anayekusaidia kupiga pindo au kujaza majani, saa zake ziingie kwenye hesabu kabla hujataja bei. Kumwambia "unajifunza kazi" kunafaa mwanzoni, wakati anaharibu nyuzi zako na wewe unafumua. Siku mteja atakaposhindwa kutofautisha ua lake na lako, ujira wake uwe umeshapangwa, na aujue ni kiasi gani kabla hajashika sindano.