Sanduku la Wakristu wa Scilli



Mara nyingi mkatekumeni akirudi sokoni hukutana na mtu anayemcheka: «Wapoteza bure siku zako katika mafundisho. Kitabu kile ni cha Wazungu. Watu walikiandika, na watu wamekigeuza.» Mkatekumeni hunyamaza, akaenda zake na mwiba moyoni. Leo tuung'oe mwiba huo.

Kwanza: Je, Biblia ni kitabu cha Wazungu? Sikilizeni habari hii. Tarehe 17 Julai mwaka 180, katika mji wa Karthago, kaskazini mwa Afrika, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristu 12 wa Scilli walihukumiwa na liwali wa Kiroma, Saturninus. Walikuwa wanaume 7 na wanawake 5. Liwali aliwataka wamheshimu kaizari kwa kiapo cha kipagani, wapate kusamehewa. Wakakataa. Ndipo akawauliza kuna nini sandukuni mwao. Mmoja wao, jina lake Speratus, akajibu kwamba mna vitabu, pamoja na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali akawapa siku 30 za kufikiri. Hawakuzitaka. Wakakatwa vichwa, huku wakimshukuru Mungu.

Mwaona? Zaidi ya miaka 1800 iliyopita Waafrika walizishika barua za Paulo, wakazipenda. Na Paulo mwenyewe alikuwa Myahudi wa Tarso.

Pili: Je, watu walikiandika? Ndiyo, wala hatuoni haya kusema hivyo. Mwami akimtuma mjumbe kijijini, sauti ni ya mjumbe, lakini neno ni la mwami. Na mwenye kulidharau amemdharau mwami. Tena Mungu hufanya zaidi ya mwami. Roho Mtakatifu aliwaangazia waandishi ndani ya mioyo yao, bila kuwanyang'anya akili wala desturi zao. Mateo, Marko, Luka na Yoane hawasemi kwa namna moja, kama vile mashahidi wanne wa kweli wasivyosema kwa namna moja barazani; lakini wote wamshuhudia Yezu mmoja, aliyekufa akafufuka.

Tatu: Je, watu wamekigeuza? Zamani vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na mwandishi aliyechoka aliweza kukosea neno. Lakini nakala za kale ni nyingi, nazo zatoka katika nchi mbalimbali. Wenye elimu huzilinganisha, na kosa la mmoja huonekana katika nakala za wengine. Tangu mwaka 1947 magombo ya kale yaligunduliwa katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo ni kitabu cha nabii Isaya, ambacho kilikuwa na umri wa miaka 1000 hivi kupita nakala za Kiebrania zilizojulikana hapo awali. Kilipolinganishwa nazo, tofauti zilionekana katika tahajia na katika maneno kadha wa kadha. Lakini mafundisho ya nabii ni yale yale.

Tena kumbukeni: mwaka 303 Kaizari Diocletianus aliamuru vitabu vya Wakristu vichomwe moto. Felix, askofu wa Thibiuca huko Afrika, alikiri kwamba anavyo, akakataa kuvitoa, akauawa. Watu hawachezei hovyo kitu ambacho wako tayari kukifia.

Nne: Nani ametuonyesha vitabu vya Mungu ni vipi? Ni Eklezia. Biblia haikuanguka kutoka mawinguni. Mitume walihubiri kwanza, ndipo Evanjili zikaandikwa. Maaskofu wa Afrika, waliokutana Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, walitaja orodha ya vitabu hivyo. Mtaguso wa Trento ukaithibitisha mwaka 1546. Twavihesabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Kwa hiyo, mwenye kuchukua Biblia na kuiacha Eklezia afanana na mtu aondoaye kaa mekoni: ling'aa kidogo, kisha lazimika.

Wala msitafute katika Biblia yasiyokuwamo. Haikuandikwa ili kutufundisha kufua chuma. Yatufundisha bila kosa ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu.

Basi, wapenzi, yule mtu wa sokoni mjibuni kwa upole. Lakini jueni kwamba atatazama maisha yenu kuliko maneno yenu. Biblia yatuamuru kusamehe. Ukisema kwamba ni neno la Mungu, nawe humwamkii ndugu yako kwa ajili ya mpaka wa shamba, wewe mwenyewe umeifanya ionekane uwongo. Wakristu wa Scilli waliulizwa juu ya sanduku lao. Wewe utaulizwa juu ya moyo wako. Uwe na nini ndani yake siku hiyo?

MAULIZO

Mwenyezi wa Maandiko Matakatifu ni nani? — Ni Mungu; Roho Mtakatifu aliwaongoza watu walioyaandika.

Nani ametukabidhi Maandiko Matakatifu? — Eklezia, aliyepokea imani kwa Mitume.

Twapaswa kufanya nini tukiyasikia? — Kuyasadiki, kuyashika moyoni na kuyatenda.