Mshikeni Mkono Kabla ya Pingu



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Bombambili. Kijana wetu akikamatwa, la kufanya tunalijua. Simu zinapigwa, michango inapitishwa, mjomba anakwenda kituoni kuulizia dhamana. Lakini kijana wa miaka 18 akimtishia mtu kwa panga usiku na kumnyang'anya simu, huo kwa sheria yetu ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hauna dhamana. Akitiwa hatiani, kifungo chake hakipungui miaka 30. Akikitumikia chote, atatoka ana miaka 48 au zaidi, na mama aliyemzaa huenda yuko kaburini. Mchango wetu wote hautampunguzia hata saa moja.

Na huyo ni aliyebahatika kufika mahakamani. Wako wanaopigwa mawe na kuchomwa moto barabarani. Sisi tunaosoma katika Sura Al-Maida kwamba kuua nafsi moja bila haki ni kama kuua watu wote, tunapita tukisema amejitakia. Hakujitakia peke yake! Aliacha shule, tukaona. Akashinda kijiweni akingoja kibarua cha kubeba magunia ya mahindi, na msimu ulipokwisha akabaki palepale mikono mitupu, tukaona. Aliyemwita kwa jina, akamnunulia chakula na kumsikiliza, hakuwa imamu wala mjomba wake. Alikuwa mwizi mzoefu.

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) hakuwaachia wengine vijana. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya vita vya Hunayn, vijana wa Makka walisikia adhana njiani wakaanza kuiigiza kwa dhihaka. Mtume akaagiza waletwe. Akamtaka kila mmoja aadhini, akamtambua mwenye sauti nzuri, Abu Mahdhura. Wenzake akawaruhusu waende, yeye akambakiza. Je, alimchapa? Alimfundisha adhana mwenyewe, neno kwa neno, akampa kifuko chenye fedha, akampangusa kwa mkono wake na kumwombea baraka. Abu Mahdhura alisimulia kwamba chuki yote aliyokuwa nayo iligeuka mapenzi. Aliyeidhihaki adhana akawa muadhini wa Makka.

Sauti ileile ya dhihaka ndiyo iliyopewa kazi. Basi yule dogo mbishi, anayeweza kuwaongoza wenzake kumi kwenye fujo, ana kipaji ambacho hakuna mtu mzima aliyekiulizia.

Fundi seremala, fundi pikipiki, mwenye duka, mama lishe: chukueni kijana mmoja mmoja. Atachelewa, atajibu vibaya, pengine atatoweka siku mbili. Mfuateni. Na mlipeni, hata kidogo, kwani Mtume ametuhimiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kumtumikisha bure mtoto wa mwenzio na kuita hiyo malezi ni dhulma.

Aliyetoka gerezani naye akiingia msikitini, asiachiwe pengo kwenye safu. Simameni naye bega kwa bega, na baada ya swala mmoja wenu amuulize anakula wapi.

Kamati ya msikiti, nawaomba baada ya Isha mwandike majina mawili mawili, la mlezi na la kijana wake. Ijumaa ijayo kila mlezi aulizwe alimwona lini kijana wake mara ya mwisho.