Kipofu, mbwa wake na mlango wa msikiti

Katika kipindi cha elimu ya dini ya Kiislamu hapa Mikumi, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali lililolifanya darasa zima licheke. Alisema amesoma kwamba huko Ulaya (si hii Ulaya yetu ya Kilosa) wapo vipofu wanaoongozwa na mbwa, na wengine kati yao wako kwenye viti vya magurudumu. Akauliza: “Ustadhi, mtu huyo akija msikitini kwetu, tumwambie nini?”

Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Nilimkumbuka mzee mmoja wa Kilosa ambaye kisukari kilimpofua, kisha kikamkata mguu. Asiyeona akiwa na miguu hushika fimbo nyeupe. Yeye aliye kwenye kiti afanyeje? Mikono yote miwili iko kwenye magurudumu, fimbo ataishika kwa mkono gani? Mzee yule anasukumwa na mjukuu wake. Mjukuu yuko darasa la tano, na siku za kliniki haendi shule.

Ndugu msomaji, tuanze na hukumu. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi (R.A) tumefundishwa kwamba mbwa ni najisi nzito, na akigusa kwa unyevu, panapoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina mjadala kwetu, ingawa Imam Malik (R.A) anaona mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata katika madhehebu yetu, kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Na najisi ni jambo la kuosha, si jambo la kuchukia. Mtume (S.A.W) ametusimulia habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah (S.W) akamsamehe dhambi zake. Katika Suratul Kahf, mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao.

Ni kweli, Hadithi sahihi zinaonya kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu. Hadithi hizo hizo zimemtoa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wafugaji wa wilaya yetu wanatembea na mbwa nyuma ya ng'ombe. Wakulima wa pembezoni mwa hifadhi ya Mikumi wanafukuza nyani kwa mbwa ili wavune mahindi. Hatujawahi kuwakemea. Sasa, ikiwa mbwa anaruhusiwa kwa ajili ya mbuzi na gunzi la mhindi, itakuwaje akatazwe kwa ajili ya mwanadamu asitumbukie mtaroni?

Si jambo geni kwa Waislamu wenzetu. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Mbwa alitengewa mahali pa kupumzikia, hakuingizwa panaposwaliwa. Usafi wa msikiti ulihifadhiwa, na haki ya mja ikahifadhiwa. Wala sisi wa mkoa wa Morogoro tusione ajabu mnyama kumtumikia mtu: pale Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka 2000, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye wakafundishwa kunusa kifua kikuu.

Hata hivyo, tuseme ukweli. Mbwa wa aina hiyo hatafika Kilosa kesho. Mafunzo yake ni marefu na ya gharama kubwa, anahitaji chakula na daktari wa mifugo. Tena yeye hajui njia. Njia anaijua bwana wake, mbwa humkwepesha tu na vizuizi. Kwenye barabara yenye makorongo, pikipiki zimeegeshwa ovyo na msikiti una ngazi tatu, mbwa huyo atakikwepeshea wapi kiti cha magurudumu?

Kwa hiyo swali la mwanafunzi wangu linaturudia wenyewe. Ni rahisi kubishana juu ya mbwa ambaye hayupo. Yupo mtoto, na juu ya mtoto hatubishani. Tumemwona kila siku akisukuma kiti saa za masomo, tukamsifu kwa adabu yake, tukapita. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria yake. Lakini ngazi za msikiti hazikujengwa na Bunge. Tumezijenga sisi, kwa michango yetu.

Abdullah bin Ummi Maktum (R.A), sahaba asiyeona, alimweleza Mtume (S.A.W) kwamba hana mtu wa kumwongoza vizuri, akaomba ruhusa ya kuswali nyumbani. Akaulizwa kama anaisikia adhana. Alipokubali, akaambiwa aitikie. Tumezoea kuisoma Hadithi hii kama mzigo wa kipofu. Wanazuoni wengi wamesema asiye na kiongozi ana udhuru. Sawa, lakini udhuru huo ni wake. Jirani yake mwenye macho mawili na miguu miwili, aliyeisikia adhana ile ile na kupita mlangoni kwake, ana udhuru gani?

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: akija na mbwa, mbwa afungwe kivulini apewe maji, na bwana wake asukumwe hadi safu ya mbele. Na kabla hajaja huyo, tumwage zege kwenye zile ngazi tatu ziwe mteremko, na vijana wa msikiti wapeane zamu ya kumsukuma mzee ili mjukuu arudi darasani.

Wabillahi tawfiq.