Kumkumbuka Kijana Mvuvi Aliyefia Bara

Bismillahi Rahmani Rahimu.

Enyi ndugu Waislamu, maiti ana haki juu ya walio hai, na haki hiyo haiishi kwa kufukiwa kaburi. Na upigwe mfano wa kijana wa pwani, mmoja katika hao watokao Pangani au Kilwa kwenda bara kutafuta dhahabu, hatta akafika Rwamgasa katika nchi ya Geita.

Kijana huyu tangu utoto alipenda bahari. Akisha kusali alfajiri hushika mshipi wake akashuka pwani. Aliyajua maji ya bamvua na maji mafu, akajua pahala pa changu na pahala pa nguru. Na usiku wa joto alipenda kulala mchangani ubavuni mwa ngalawa kuliko kulala nyumbani. Watu wakamwita mzururaji, nao walikosea. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida amehalalisha mawindo ya bahari, na katika Sura ya Kahafu wametajwa maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambao Khidhri alikitoboa chombo chao ili mfalme dhalimu asikinyang'anye. Katika sura hiyo hiyo yumo kijana wa Nabii Musa, aliyemsahau samaki wao penye jabali, samaki akashika njia yake baharini. Na kijana alipoulizwa chakula hakulificha kosa lake.

Rwamgasa hakuna bahari. Kuna mashimo yachimbwayo kwa mikono, wachimbaji huyaita maduara, nayo hushikizwa kwa magogo ili udongo usishuke. Wakati wa mvua udongo hulowa ukawa mzito, na gogo bovu halizuii kitu. Kijana alishuka kwa kamba akatoa mawe. Na siku ya mapumziko alikwenda Nungwe, si Nungwe ya Unguja bali ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Geita, akatupa mshipi katika maji yasiyo na chumvi. Siku moja duara likaporomoka, akatolewa maiti.

Mtume (s.a.w.) amewahesabu mashahidi: afaye kwa tauni, afaye kwa ugonjwa wa tumbo, azamaye majini, aangukiwaye na kifusi, na auawaye katika njia ya Mwenyezi Mungu. Basi mvuvi na mchimbaji wamo katika hesabu moja, pamoja na Waislamu waliozama na chombo cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku waliyokufa watu zaidi ya 220. Lakini huyu ni shahidi wa akhera: huoshwa, hukafiniwa na husaliwa kama maiti wengine, wala si kama aliyeuawa vitani. Na waliobaki pwani, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, waweza kumsalia ghaibu, kwani Mtume alimsalia Najashi aliyefia Habashi kwa takbira nne.

Hayo ni mepesi. Zito ni deni.

Barazani watu humkumbuka. Huyu hutaja nguru aliyemvua peke yake, yule husimulia alivyoutambua upepo wa kaskazi kabla haujavuma, wakacheka na kulia pamoja. Mwenye duka hukaa kimya, kwani kijana aliondoka kwa nauli aliyoikopa kwake, naye huona haya kuitaja mbele ya wazazi. Haya hiyo ni njema kwa mwenye duka, lakini kwa maiti ni hatari. Maana imepokewa kwamba shahidi husamehewa yote illa deni. Ngalawa, nyavu na mishipi aliyoiacha kwanza ilipe deni, kisha ndipo warithi wagawane. Wala isiuzwe kwa kupikia watu matanga. Na kama hakuacha kitu, rafiki aweza kulichukua.

Jeneza lililetwa kwa Mtume, akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa ni dinari mbili, na riwaya nyingine husema tatu. Akawaambia wamsalie mwenzao, yeye asimsalie. Ndipo Abu Katada akasema deni lile liko juu yake, na Mtume akasali. Kesho yake Mtume akamwuliza Abu Katada zile dinari zimekuwaje. Akajibu kwamba mtu yule amekufa jana tu. Siku iliyofuata akamwuliza tena, naye akasema amekwisha kuzilipa. Mtume akasema kwamba sasa ndipo ngozi ya yule maiti ilipopoa.