Nguvu Ninazokwenda Nazo Mkekani

Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga. Methali hii inamshauri mnyonge. Judo, ambayo jina lake lina maana ya njia ya ulaini, imeigeuza kuwa mbinu: mpinzani akikusukuma, mpishe, mvute kule kule anakokwenda, aanguke kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini methali haisemi mwenye nguvu anadaiwa nini. Swali hilo hunijia kila ninapopanga ratiba ya wiki.

Ratiba yenyewe ni fupi. Jioni mbili ni za judo. Siku nyingine, kati ya vipindi na tasnifu, ni za ketobeli, lile tufe la chuma lenye mpini, na za mazoezi ya uzito wa mwili: pushapu, skwati, kujivuta kwenye bomba. Chuma changu kina kilo 16. Nakibembeza kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua, nikisukuma kwa nyonga. Nyonga hizo hizo ndizo zinazomwinua mtu ninapomtupa. Chuma na judo ni ndugu, ila wanakula sinia moja. Kiganja kilichochoshwa na mpini jana, leo hakishiki vizuri.

Wengi huliona hili kuwa suala la mpango tu: pumzika, kula, lala. Mwili ni wako, uchovu ni wako. Kwa chuma nakubali. Nikichoka nakiweka chini. Chuma hakina shingo. Mkekani mambo ni mengine. Ninapomtupa mwenzangu, kiganja changu hubaki kimeshika mkono wa koti lake, ili atue kwa upande na asijigonge kichwa. Nikiuachia kwa kuchoka, anayelipa ni yeye, aliyeniazima mwili wake nijifunzie. Hapo uchovu wangu si mali yangu peke yangu.

Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliacha misingi miwili: kutumia nguvu kwa namna iliyo bora, na kustawi pamoja, mimi na mwenzangu. Tukipanga mazoezi huwa tunakimbilia ule wa kwanza, tukihesabu faida ya kila kilo. Naona wa pili ndio uwe hakimu, kwa sababu mtu anaweza kutumia nguvu zake kwa hesabu nzuri sana na bado akawa hatari kwa anayefanya naye mazoezi.

Basi si afadhali kuacha chuma kabisa? Hapana. Aliye dhaifu humdondokea mwenzake badala ya kumwongoza chini. Kujijenga ni sehemu ya deni hilo hilo. Kinachobadilika ni kipimo. Kabla ya kuongeza seti najiuliza: kesho nitakuwa na kiganja cha kumshikia mtu? Kwa hiyo siku inayotangulia judo chuma kinalala. Nafanya pushapu chache na kuacha kabla mikono haijaanza kutetemeka. Kazi nzito ya chuma naipeleka siku ambayo kesho yake hakuna anayenitegemea.

Mizani hii haigawi nusu kwa nusu, wala haitanipa misuli ya kujivunia. Lakini mwenye nguvu akishapishwa, anadaiwa awe amebakiza za kumshusha salama aliyempisha.