Dakika Tisa Arizona

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni shabiki wa Simba wa damu. Kakulia Temeke, kahamia Texas mwaka 2006, na hadi leo, asubuhi ya mechi ya watani wa jadi, hapokei simu ya mtu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuponza: alimchagulia binti yake timu kama shabiki anavyochagua timu. Shabiki anataka klabu kubwa, mchezaji anataka uwanja. Nami simlaumu peke yake. Siku ya kusaini nilikuwa nimekaa naye meza moja, na ni mimi niliyesema, "Saini, shemeji, bahati hii hairudi."

Binti huyo, mpwa wangu, alikuwa na miaka 13, winga wa kushoto wa klabu ndogo ya Fort Worth, dakika kumi kutoka nyumbani. Kocha wake alikuwa mama mmoja mkali aliyewahi kucheza chuo, na sifa kwake zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Ada ilikuwa dola 1,400 kwa mwaka. Mtoto alicheza kila mechi, mwanzo mwisho, akirudi na magoti yamechubuka.

Kisha ukaja mwaliko kutoka klabu kubwa ya kaskazini mwa Dallas, iliyomo kwenye ECNL. Kwa asiyeijua, hiyo ni ligi ya wasichana iliyoanza mwaka 2009, na wazazi wa huku huitaja kwa sauti ile ile tunayotajia Ligi ya Mabingwa. Tangu 2020 inashindana na Girls Academy, iliyoundwa baada ya shirikisho la soka la Marekani kufunga ligi yake ya akademi. Chini ya hizo kuna ngazi nyingine za mikoa, na wazazi huzijua kwa kichwa kama jedwali la kuzidisha. Ligi yenyewe sina neno nayo. Makocha wa vyuo hufurika kweli kwenye mashindano yake.

Ofisi ya klabu ilikuwa na ukuta uliojaa bendera ndogo za vyuo walikokwenda wasichana wao. Nilizihesabu, zilikuwa 41. Mkurugenzi alizungumza dakika arobaini, kwa ufasaha. Hatukumuuliza kikosi kina mawinga wa kushoto wangapi. Walikuwa watatu, na wa kwanza wao alikuwa pale tangu ana miaka minane. Hatukuuliza pia kati ya wale wenye bendera ni wangapi walikuwa wakitokea benchi. Tuliulizia rangi ya jezi za ugenini.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema shemeji tukiwa garini, na akainama kweli. Ada dola 3,600, jezi na mabegi 500, safari tano kwa mwaka zenye tiketi, hoteli na gari la kukodi, karibu 4,500. Aliongeza zamu za usiku ghalani. Kwa misimu mitatu hesabu inapita dola 25,000, na hapo sijatia petroli ya kwenda na kurudi mazoezini jioni nne kwa wiki, kwenye foleni za barabara kuu za Dallas.

Aprili ya msimu wa tatu nilisafiri nao kwenda Arizona. Ng'ambo ya uwanja makocha wa vyuo walikaa kwenye viti vya kukunja, kofia zenye nembo, karatasi magotini. Nadhani walikuwa zaidi ya ishirini. Dada yangu alikuwa na chupa ya chai na chapati ndani ya karatasi ya fedha, kama tuko safari ya Tanga. Mtoto alikaa benchi na kizibao cha njano, akitikisa mguu. Mechi ya dakika 80. Aliitwa zikiwa zimebaki tisa. Shemeji akasimama na simu yake kurekodi, mkono ukimtetemeka. Mimi nilikuwa natazama ng'ambo. Makocha walikuwa wanakunja viti. Kwenye uwanja wa jirani mechi nyingine ilikuwa inaanza, nao wakaifuata. Mtoto aligusa mpira mara tatu, moja ikiwa ni kurusha.

Alipotoka hakulia. Aliomba chapati.

Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, zinawaruhusu makocha wa soka wa Daraja la Kwanza kuanza kuwasiliana na mchezaji Juni 15 baada ya darasa la kumi. Saa sita kamili usiku simu za wanaotafutwa huanza kulia. Usiku ule shemeji aliiweka simu ya binti mezani, kwenye chaja, sauti juu. Saa saba na nusu alinipigia mimi. "Labda mtandao," alisema.

Agosti kocha msaidizi mmoja wa Daraja la Pili alijibu barua pepe ya binti: nitumie mechi mbili nzima, si vipande. Tukapekua simu zote tatu za nyumbani. Tulikuwa na dakika tisa, dakika kumi na mbili, na dakika sita ambazo nusu yake ni nyasi.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye ripoti ya shule. Kazi za shule alikuwa akizifanya garini, gizani, kwa taa ya simu, na aljebra yake ilikuwa imeporomoka. Ili acheze Daraja la Kwanza mtoto anahitaji masomo 16 ya msingi yenye wastani usiopungua 2.3, na kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo tulikuwa tumelipia mpira kwa saa za hesabu, na mpira wenyewe hatukuupata.

Nilipopoa nikaketi na kalamu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mitatu nyuma. Hadi msimu wa 2024, timu ya wanawake ya Daraja la Kwanza ilikuwa na kikomo cha ufadhili kamili 14, ambao kocha aliweza kuukatakata na kuwagawia karibu wachezaji thelathini. Mwaka 2025, baada ya maafikiano ya mahakamani, kikomo kiliondolewa kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, lakini kikosi kisizidi wachezaji 28, na chuo hakilazimiki kuwalipia wote. Daraja la Pili kikomo ni 9.9 kwa timu nzima. Daraja la Tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine, haliruhusiwi kutoa hata senti kwa ajili ya mpira. Huko ada hupunguzwa kwa alama za darasani na kipato cha wazazi. Wengi tunaodhani binti "atapata skolashipu ya mpira" tunazungumzia kipande cha kipande.

Oktoba, msimu wa nne ukiwa umeanza, mpwa wangu alirudisha jezi mwenyewe, kabla baba yake hajaamua. Alirudi kwa yule mama mkali wa Fort Worth. Winga ya kushoto ilikuwa imeshapata mwenyewe, akawekwa beki wa kulia, akacheza mechi nzima nzima na kutembea nyumbani. Aljebra akairudia kiangazi. Sasa yuko chuo kimoja cha Daraja la Tatu, anaanza kikosi cha kwanza, na sehemu kubwa ya ada yake inatokana na alama na fomu za msaada wa serikali ambazo dada yangu alizijaza jikoni, bure.

Wazazi wenzangu wa huku hunipigia Mei, majaribio yanapokaribia, kuuliza klabu ipi ni kubwa. Nawaambia wamuulize kocha, mtoto akiwapo, nafasi yake ina wachezaji wangapi na yule wa tatu alicheza dakika ngapi msimu uliopita. Wengine hukata simu wakinishukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru.

Shemeji aliendelea kukatwa ada ya msimu ule wa nne hadi Mei, miezi saba baada ya jezi kurudi. Mkataba ulisema hivyo, ukurasa wa pili. Kila mwaka aliusaini mbele yangu, na hatukuusoma.