Mahekalu Mawili

Wasomaji wetu wa Geita hawajaisahau Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 2023. Usiku wa kuamkia siku ile, tarehe 26 Februari, mtu aliingia katika Kanisa Kuu la jimbo, akavunja na kuharibu vitu vitakatifu, hata Tabernakulo isisalimike. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kwa siku 20, waamini wakaalikwa kufanya toba na malipizi. Hakuna Mkatoliki aliyeuliza kwa nini. Kila mmoja alijua kwamba pale alipotukanwa Mungu, watu hawawezi kuendelea na shughuli zao kana kwamba limevunjika dirisha tu.

Ilikuwa haki kufanya vile. Lakini twataka leo kuwauliza wasomaji wetu swali moja. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi, bikizee akikatwa mapanga usiku kitandani mwake, kwa sababu tu macho yake ni mekundu, ni hekalu gani lililovunjwa? Nasi tumefunga nini kwa siku 20?

Macho yale mekundu kila mtu ajua yametoka wapi. Ni moshi wa samadi kavu, wa mabua ya pamba na wa kuni mbichi, uliomwingia mwanamke yule miaka hamsini alipokuwa akiwapikia wanawe na wajukuu wake. Alama ya upendo imegeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi. Na mtoto mwenye ualbino hana hata alama ya moshi: kosa lake ni ngozi aliyopewa na Muumba. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa Bukombe mwenye ualbino. Wengi walidhani hofu ya kitanzi itatosha. Haikutosha. Mwezi Februari 2015, huko Chato, mtoto mchanga wa mwaka mmoja alinyakuliwa kwa mama yake, akakutwa maiti, amekatwa viungo.

Twasikia wengine wakisema: huu ni ujinga, shule na umeme vitauondoa. La hasha! Anayenunua kiungo cha mwanadamu si maskini asiyejua kusoma. Maskini hana fedha za kununua. Mnunuzi ni mtu mwenye mali anayetaka mali zaidi: mwenye duara ambaye mwamba umemnyima dhahabu, mfanyabiashara ambaye jirani yake amemzidi, na wakati mwingine mwenye kutaka cheo. Na bikizee anayeitwa mchawi mara nyingi ana shamba, na shamba hilo lina mtu analitamani. Huo si ujinga. Ni tamaa iliyojifunika shuka la ujinga.

Hebu tuangalie jinsi dhambi hii inavyosafiri. Mtoto ameugua, au ng'ombe wamekufa, au duara limechimbwa miezi mitano bila kuonekana hata punje. Mkristu wetu, ambaye Jumapili alikuwa Misani, Jumatatu yuko mkekani kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hasemi, "Nenda ukaue." Asema tu kwamba adui yu karibu, ni mwanamke, ni mzee. Mkristu arudi nyumbani akiwa na jina moyoni. Wiki mbili baadaye panga limekodiwa. Mlango ulifunguliwa siku ile alipoivunja Amri ya Kwanza, naye aliyeingia kwa mlango huo akaivunja Amri ya Tano. Ni kosa kuziona Amri za Mungu kama bakora kumi zilizotengana. Ni mnyororo mmoja, na ukikata pete ya kwanza, zilizobaki zaanguka chini.

Wala mtu asitujibu kwamba twadharau mila. Kanisa halijawa adui wa ngoma ya Msukuma wala wa dawa ya mitishamba. Ni Padre David Clement, wa Wamisionari wa Afrika, aliyekusanya na kutunza ngoma, vyombo na mila za Wasukuma kule Bujora tangu miaka ya 1950. Mti unaotibu tumbo ni zawadi ya Mungu. Ramli inayomtaja jirani kuwa mwuaji si tiba, wala si urithi wa kujivunia. Wazee wetu walimpa bikizee kiti karibu na moto, si panga.

Serikali nayo imetimiza sehemu yake. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928. Mwezi Januari 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku, na katika majuma machache zaidi ya 200 wakakamatwa. Twaipongeza kwa hayo. Lakini sheria humkamata mpiga ramli, mteja wake akabaki na duka lake, duara lake na kiti chake cha mbele kanisani. Maadamu mnunuzi yuko, muuzaji hatakosekana. Ndiyo maana twawaomba Wakatoliki, kila wakati wa uchaguzi, wasimpe kura mtu ajulikanaye kuwa mteja wa ramli, hata kama ni ndugu, hata kama amechangia bati za kigango.

Maaskofu wetu walisema bila woga mwezi Novemba 2025, baada ya damu kumwagika wakati wa uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba. Walilaani kuuawa kwa waandamanaji. Sisi twasimama pamoja nao. Lakini sauti ya Kanisa mbele ya wakubwa itakuwa na uzito gani, ikiwa kijijini twanyamaza bikizee anapozikwa haraka haraka, na kila mtu amjua aliyemlipa mwuaji? Uhai haugawanyiki. Anayeutetea tumboni mwa mama autetee barabarani, na anayeutetea barabarani autetee katika nyumba ya nyasi ya mjane.

Wala sisi mapadre tusijitoe katika lawama. Mwaka 2024, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliuawa Muleba, na miongoni mwa watu tisa waliofikishwa mahakamani alikuwamo padre. Kushtakiwa si kupatikana na hatia, na hukumu si yetu. Lakini siku ile waamini walituangalia kwa macho mengine, na yatupasa kukubali kwamba walikuwa na haki ya kuuliza. Tena tujiulize sisi wenyewe: michango ya ujenzi tunayoipokea kwa shangwe kutoka kwa wenye maduara, je, tumewahi kuuliza imetoka wapi? Hata makuhani waliomnunua Yuda walikataa kuzitia fedha zile katika sanduku la hazina, kwa kuwa zilikuwa bei ya damu. Itakuwa aibu iliyoje tukiwa wepesi kuliko wao!

Basi, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwajue kwa majina mabikizee wanaoishi peke yao na watoto wenye ualbino, iwatembelee kila juma, ili jirani mwenye nia mbaya ajue kwamba hawako peke yao. Pili, mwenye kwenda kwa mpiga ramli asikaribie Meza ya Bwana kabla ya kitubio, na kitubio chake kiwe pamoja na kulisafisha jina alilolichafua. Tatu, mtu akiuawa hivyo katika parokia, parokia nzima ifanye malipizi kwa siku 20, bila sherehe wala ngoma, kama Geita walivyofanya kwa ajili ya kanisa lao.

Kanisa Kuu la Geita lilitakaswa, likafunguliwa, na Misa yaadhimishwa humo tena. Kilichovunjwa kwa mikono ya watu kilitengenezwa kwa mikono ya watu. Lakini bikizee aliyekatwa usiku hatengenezwi na fundi yeyote. Hekalu lile Mungu alilijenga mara moja tu, naye atatudai.